Kupiga Picha za Harusi Ndogo ya Nje Milimani: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Lushoto

Harusi ya watu thelathini kwenye ukingo wa mlima inaonekana kazi nyepesi ukiilinganisha na ukumbi wa watu mia tano Dar es Salaam. Hakuna kusukumana na watu wa video, hakuna taa za rangi zinazogeuza uso wa bibi harusi kuwa zambarau. Lakini ukumbini ratiba ikichelewa saa mbili, taa zipo palepale. Mlimani ikichelewa nusu saa, mwanga umeshaondoka na hakuna wa kumwomba aurudishe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu ratiba, mahali pa kusimamisha watu na mazungumzo ya kabla ya siku yenyewe. Mipangilio ya kamera ipo, ila si mwanzo wa kazi.

Mfano wangu ni Lushoto, kwenye milima ya Usambara Magharibi, kwa kuwa pale utakutana na kila kitu cha kukusumbua: ukungu, upepo, genge (ukingo wa mwamba), msitu na barabara ya kona. Ukipaweza pale, Marangu, Uluguru au milima ya Taita hutapata shida.

Uliza kwanza ndoa inafungwa wapi

Watu wakisema "tunafunga ndoa mlimani" mara nyingi wanamaanisha sherehe iko mlimani. Ndoa yenyewe huenda ikafungwa mahali pengine kabisa, saa nyingine, na wewe unatakiwa kuwepo kote kuwili.

Wakatoliki kwa kawaida watafunga kanisani, kisha ndipo wapande. Kwa Waislamu, nikaha huweza kufungwa msikitini au nyumbani, bwana harusi akiwa na sheikh, walii (msimamizi wa bibi harusi) na mashahidi, na bibi harusi akiwa chumba kingine na akina mama. Hapo unahitaji msaidizi wa kike upande wa bibi harusi, na ruhusa ya sheikh kuhusu utakaposimama. Ndoa ya kiserikali ndiyo rahisi kuihamishia mlimani, lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya angalau siku 21 kwa msajili kabla ya ndoa. Si kazi yako kuifuatilia, ila uliza kama imeshatolewa. Maharusi ambao bado hawajaonana na msajili ni maharusi ambao tarehe yao inaweza kusogea, na wewe umeshakataa kazi nyingine.

Kwenye mkataba andika mambo ambayo mjini huwa hamyaandiki: nani analipia malazi yako na ya msaidizi, mnakula saa ngapi, nani anawapeleka eneo la tukio, na mvua ikinyesha mnahamia wapi. Kipengele cha mvua kiwe na jina la mahali. "Tutaona siku hiyo" si mpango.

Lifahamu jua la kwetu

Miongozo mingi ya intaneti imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na inazungumzia "saa ya dhahabu" kana kwamba ni saa kweli. Kwao, hasa majira ya joto, jua linashuka kwa mshazari na mwanga mlaini unakaa muda mrefu. Sisi tuko karibu na Ikweta: jua linashuka karibu wima. Kuanzia linapokuwa nyuzi 6 juu ya upeo wa macho hadi linapozama, una dakika kama 25. Likishazama, mwangaza wa kufanyia kazi unabaki dakika 20 hivi, kisha giza. Atakayekuahidi saa nzima hajawahi kupiga picha Lushoto.

Kwa mwaka mzima jua la Lushoto linazama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni. Mapema zaidi ni Oktoba na Novemba, kwa kuchelewa zaidi ni Februari. Hizo ni saa za mahali ambapo upeo uko wazi, kama Irente, ambako unasimama juu ya mwamba na tambarare iko karibu mita 1,000 chini yako. Ukiwa bondeni, mjini Lushoto au upande wa Soni (mji mdogo kwenye barabara ya kupanda Lushoto), kilima cha magharibi kinakukata jua mapema zaidi, na tofauti hiyo hakuna programu ya simu itakayokuambia kwa uhakika. Nenda ukaangalie kwa macho.

Kuna njia ya kupima bila kifaa. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, iweke kati ya jua na ukingo wa kilima. Ngumi moja ni takriban nyuzi 10, yaani dakika 40 za jua. Ngumi nusu, anza kukusanya maharusi sasa hivi. (Usilikodolee jua macho; tazama kwa pembeni.)

Mahali linapozamia nako kunahama. Desemba linazama kama nyuzi 23 kusini mwa magharibi kamili, Juni nyuzi 23 kaskazini yake. Tofauti hiyo ni karibu ngumi tano. Irente inatazama kusini magharibi, kwa hiyo Desemba na Januari jua linazama mbele ya mwamba, juu ya tambarare. Juni linajivuta kulia, na picha uliyoiona kwa mwenzako ya Januari hutaipata palepale aliposimama.

Adhuhuri ni habari nyingine. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo meusi, pua inatupa kivuli mdomoni, gauni jeupe linaunguza picha. Kati ya saa tano na saa tisa usikubali kupiga picha za maana kwenye jua wazi, hata mjomba mwenye gari akisema anawahi kurudi Korogwe.

Panga ratiba kwa kurudi nyuma

Anza na saa ya jua kuzama, kisha rudi nyuma. Tuseme linazama 12:30 jioni:

Saa 12:00 hadi 12:50: maharusi peke yao.
Saa 11:00 hadi 11:40: picha za familia.
Saa 10:00 hadi 10:40: viapo, pete, kusaini cheti.
Saa 7:30 hadi 9:30: maandalizi, bibi harusi akivaa, picha za karibu za pete, viatu, mialiko.

Hizo dakika ishirini au thelathini kati ya kipengele na kipengele si za kupumzika. Ni za shangazi aliyekwama Soni.

Ratiba hii mpelekee MC na mwenye chakula, maana ndio wanaoshika siku mikononi mwao. Kwa MC usizungumze habari za mwanga, hazimhusu. Mwambie hivi: "Kaka, kuanzia saa kumi na mbili kasoro kidogo nawaomba maharusi kwa dakika hamsini. Wakati huo wape wageni vitafunwa na muziki, nikirudi nao uwaingize kwa shangwe." Umempa kitu cha kufanya na mlango wa kuwaingizia. Atakulinda.

Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, ukungu wa asubuhi ni kitu cha kawaida na unaweza kukaa hadi saa nne au zaidi. Masika, Machi hadi Mei, usikubali tarehe bila ukumbi wa akiba, tena barabara ya Mombo, chini kwenye tambarare, hadi Lushoto ina historia ya kuporomokewa na udongo mvua zikizidi. Ni kilomita 33 tu, lakini ni kona tupu na malori. Panga kufika siku moja kabla. Kutoka Dar kwa basi siku yote inaishia njiani.

Siku moja kabla: tembea eneo lote

Nenda saa ileile ambayo tukio litafanyika. Simama watakaposimama maharusi, geuka, angalia jua liko wapi, kisha kaa kwenye kiti cha mgeni.

Kosa kubwa la wapambaji ni kuwasimamisha maharusi waipe mandhari mgongo na kuishia hapo. Mandhari iko magharibi, ni alasiri: maharusi jua liko nyuma yao, nyuso gizani, na wageni wote wamekunja nyuso wakikingia macho kwa kadi za mialiko. Omba viti na upinde wa maua vigeuzwe kama nyuzi 45, jua lije kwa upande. Mandhari bado utaipata ukisogea hatua nne kushoto. Mpambaji mwambie kabla hajachimbia nguzo. Akishachimbia, hata ukiwa na hoja nzuri namna gani, imepita.

Kivuli cha mti nacho kichague. Chini ya mkaratusi kuna madoa ya jua yanayotembea juu ya nyuso upepo ukivuma, na doa moja jeupe kwenye shavu hakuna uhariri utakaoliondoa vizuri. Kivuli unachokitaka ni kizito na cha moja kwa moja: cha jengo, cha ukingo wa msitu, cha mwamba.

Sasa genge. Tafuta mahali ambapo ukiwasimamisha hatua sita nyuma ya ukingo na wewe ukachuchumaa, ukingo wenyewe haumo kwenye fremu na wanaonekana wamesimama mwishoni mwa dunia. Picha inapatikana bila mtu kukaribia hatari. Weka jiwe au kipande cha kanga kuonyesha mpaka ambao hakuna anayevuka, wewe pia. Kamera ikiwa jichoni hutembei kinyumenyume, kamwe. Unashusha kamera, unatazama nyuma, unasogea. Shela refu likishikwa na upepo linavuta kichwa, na bibi harusi mwenye visigino virefu kwenye mwamba hana pa kujishikia. Avae raba hadi mahali pa kusimama, viatu avibadilishie palepale.

Ukitaka kuingia hifadhi ya Magamba, kibali na ada ni vya Wakala wa Huduma za Misitu; ulizia mapema kuhusu kamera za kazi, usiende kubishana getini. Droni nayo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa harusi ya watu thelathini mimi siishauri hata kibali kikiwepo. Mlio wake unameza viapo vyote.

Begi

Kamera mbili, si moja na matumaini. Moja iwe na lenzi ya picha pana, 24–70 au 35mm, nyingine lenzi ndefu ya kuvuta mbali, 85mm au 70–200. Kwenye kundi dogo lenzi ndefu ina faida ya kukuweka mbali, maana huna umati wa kujificha. Kamera yenye shata (kilango cha kuingiza mwanga) ya kimya ni neema wakati wa viapo.

Flashi mbili na stendi moja, pamoja na mfuko mtupu wa kujaza mawe. Upepo wa alasiri unaopanda kutoka tambarare huangusha stendi yenye mwavuli bila kuhangaika. Bora zaidi ni msaidizi aishike flashi mkononi. Rifleta (ubao wa kurudisha mwanga usoni) ikisahaulika, shuka jeupe la nyumba ya wageni linafanya kazi ileile.

Kuhusu betri, baridi ya Usambara si ya kuzimaliza kama wengi wanavyoogopa. Kinachozimaliza ni umeme kukatika usiku uliopanga kuchaji. Beba pawabanki au chajia ya gari. Vitambaa vya lenzi viwe vitatu au vinne, kwa sababu kwenye ukungu cha kwanza kitalowa ndani ya nusu saa. Na ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kushuka Mombo kwenye joto, lenzi itafunga mvuke. Acha begi limefungwa dakika kumi na tano ndipo ufungue.

Viapo

Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, si JPEG iliyobanwa. Gauni jeupe, suti nyeusi, ngozi nyeusi na anga angavu kwenye fremu moja ni mtihani ambao JPEG haiumudu.

Kamera inapima mwanga kwa kudhani dunia nzima ni ya kijivu. Gauni au anga ikijaza fremu, inapunguza mwanga na nyuso zinadidimia, kwa hiyo ongeza theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili). Uso mweusi ukijaza fremu, inafanya kinyume: inaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi inapoteza rangi yake, kwa hiyo punguza kidogo. Pimia uso wenyewe, kisha tazama histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera) kuhakikisha nyuzi za gauni bado zinaonekana. Anga likiungua kidogo, liache liungue. Hakuna aliyekuja kuoa anga.

Spidi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, watu wanacheka na shela linapepea. Apecha (tundu la lenzi; namba ikipanda, watu wa mbele na wa nyuma wote wanakuwa wazi) f/2.8 hadi f/4 kwa wawili. Pete zikivishwa nenda f/4 ili mikono yote miwili iwe wazi. Usitumie flashi wakati wa sala.

Kaa mahali pamoja kwa kila kipengele. Kwenye ukumbi ukizunguka hakuna anayekuona. Hapa kila hatua yako kwenye majani makavu inasikika. Mwombe kiongozi wa ibada au msajili aseme neno moja mwanzoni: wageni waweke simu chini hadi pete zivishwe, wakishapigana busu au kukumbatiana wapige watakavyo. Yeye akisema wanatii, ukisema wewe wananuna.

Wakati wa kusaini, cheti kitapeperuka. Weka jiwe dogo safi kwenye kona ya meza mapema.

Picha za familia

Hapa ndipo ratiba nyingi zinapokufa. Kila kundi linakula dakika tatu hadi nne hata mkiwa wepesi, kwa hiyo makundi kumi ni dakika arobaini. Orodha iwe kumi, isizidi, iandikwe na maharusi wenyewe, na kila upande utoe mtu mmoja anayewajua ndugu kwa majina na hana aibu ya kupaza sauti. Kwa kawaida ni shangazi mdogo au binamu wa kike. Mpigaji usiwe ndiye mwitaji.

Wazee kwanza, wakiwa kwenye viti. Kabla hujamgusa mtu kiti chake, salamu: "Shikamoo bibi. Naomba nikusogeze kidogo huku kivulini, macho yapumzike." Bibi aliyesalimiwa hivyo atakutazama kwenye lenzi kwa uso wa kweli. Aliyesukumwa atatazama fimbo yake.

Mteremko utumie kama ngazi: wazee wamekaa chini, vijana nyuma yao juu kidogo, wewe ukiwa mbele. Apecha f/5.6 kwa safu mbili, f/8 kwa tatu. Piga picha nne au tano kwa kila kundi, kwani kwa watu kumi na tano lazima mmoja afumbe macho. Kwa kuwa wageni ni thelathini tu, maliza na picha ya wote pamoja. Kwenye harusi kubwa picha hiyo ni bahari ya vichwa. Hapa kila mtu atajiona, na ndiyo itakayotundikwa sebuleni.

Dakika hamsini za maharusi

Nenda nao na msaidizi mmoja. Wapambe wabaki na wageni, wakija watakuwa wanarekebisha shela kila sekunde.

Jua likiwa bado juu kidogo, waweke liwe nyuma yao kwa pembeni, pimia nyuso, rudisha mwanga kwa shuka au rifleta. Likishuka na kuwa jekundu, wageuze walitazame. Likishagusa upeo, piga pana: wao wadogo, tambarare kubwa. Wakati wa kiangazi tambarare ina vumbi na mandhari ya mbali ni ya kibluu iliyofifia, basi usiitegemee sana. Siku moja baada ya mvua ndiyo unaona mbali.

Jua likizama wengi hufunga begi. Usifunge. Dakika ya tano hadi ya kumi na tano baada ya hapo anga inakuwa na rangi na haina ukali. Flashi ya pembeni kwa nguvu ndogo, kamera 1/200, apecha f/4, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) uipandishe hadi anga ionekane unavyoiona kwa macho, kisha rekebisha flashi iendane na nyuso. Mpangilio ni huo: anga kwanza, flashi baadaye.

Maneno ya kuwaongoza yawe machache. "Mwambie kitu ambacho sitakisikia" inazaa kicheko kuliko "tabasamu" mara kumi.

Ukungu ukishuka

Waambie maharusi mapema kwamba ukungu haujaharibu siku. Mandhari imepotea, ni kweli, lakini umepata mwanga laini kutwa nzima, hata saa saba mchana. Wasogelee, mita tatu hadi tano, kwani mbali zaidi ya hapo rangi inafifia. Ongeza mwanga stopu moja. Fokasi ikihangaika, ilenge kwenye ukingo wa kola ya shati na koti. Flashi ya juu ya kamera izime kabisa: itamulika matone na picha itajaa nukta nyeupe. Ukiiweka nyuma yao, matone hayohayo yanageuka ngao ya mwanga. Mwavuli wa rangi moja, nyekundu au njano, uwe kwenye gari kila wakati. Wenye maandishi ya kampuni ya simu waachie wageni.

Mvua ikikuhamishia barazani, wasimamishe hatua mbili ndani ya upande ulio wazi, wakitazama nje.

Usiku huohuo na baada ya hapo

Kabla ya kulala, nakala mbili: kompyuta na diski ya nje. Kadi usizifute hadi umefika nyumbani, na diski ipande gari tofauti na kompyuta ikiwezekana.

Asubuhi wape picha kumi na tano za haraka. Zitumwe WhatsApp kama faili, si kama picha za kawaida, la sivyo zinabanwa na ubora unapotea.

Kwenye uhariri angalia kijani. Majani na msitu hurudisha rangi yake kwenye gauni na chini ya kidevu. Punguza kijani na njano kwenye maeneo hayo badala ya kuipasha joto picha nzima. Kivuli cha mlimani kina ubluu, kwa hiyo joto la rangi liwe Kelvin 6500 hadi 7000. Na ngozi usiing'arishe. Kuna kaka na dada wengi wa maduka ya picha wanaoamini kuwa bibi harusi mweupe ndiye bibi harusi mzuri. Mpe rangi aliyokuja nayo. Akitaka nyingine, aombe mwenyewe kwa mdomo wake.

Kwa harusi ya watu thelathini, picha 300 hadi 400 zilizochujwa zinatosha. Ukimaliza kuchuja, chukua orodha ya wageni uhakikishe kila mmoja ana angalau picha moja ambayo uso wake uko wazi. Wapo thelathini tu, na anayekosekana atauliza.